Jana Ulikataa Kupimwa

Chelangat mwanangu,

Umeenda Chepilat kusukwa, na yule msusi wako namjua: hamalizi kichwa kabla ya giza kuanza kuingia, sembuse siku ya mvua kama leo. Kwa hivyo nina saa mbili tatu. Nimefunga duka mapema, nimerudi nyumbani, nimetoa vitambaa vya watu juu ya mashini, na nakuandikia kwenye karatasi nilizochana kwenye lile daftari lako la Kemia ulilosema nichome.

Kesho Kibet anakuja na pickup kukuchukua. Sitakuandikia habari za kupika, maana unapika kuliko mimi. Wala habari za blanketi, wala za kusalimia wazazi wake. Hayo shangazi zako wamekwambia mpaka masikio yamechoka. Nakuandikia kwa sababu ya jana.

Jana nilikuja na tepu shingoni nikupime gauni la kuondokea. Katika nyumba hii, msichana akishafanyiwa koito, mahari ikakubaliwa, siku anayoondoka huvaa nguo iliyotoka mkononi mwa mama yake. Mama yangu hakujua kushona, lakini alilipia fundi na akakaa pale mpaka kifungo cha mwisho. Mimi ni fundi, ningekushoneaje kwa kubahatisha? Ukarudi nyuma hatua mbili. Ukasema, "Mum, usijisumbue. Kibet ashaorder online. Imetoka huko majuu, iko Naivasha, atakuja nayo." Nikacheka, nikasema basi nikupime tu ya kubadilisha. Nikanyoosha mkono. Ukanipiga mkono, Chela. Ulinipiga kwa nguvu, tepu ikaanguka, ukapiga kelele, "Si nimesema usinishike!"

Nami nikarusha mkasi. Ulipita karibu na sikio lako ukatoboa mlango wa kabati, na tundu lenyewe liko hapa mbele yangu ninapoandika. Nakuomba msamaha kwa huo mkasi. Ungekuwa umesogeza kichwa kidogo tu, leo ningekuwa naandikia polisi. Hasira yangu unaijua tangu utotoni, na sitaipamba kwa jina lingine.

Lakini ulifikiri nimekasirika kwa sababu ya gauni la ng'ambo. Ulimwambia hata Mama Njeri, fundi mwenzangu, "Mum anafikiria mimi namharibia biashara." Hapana. Niliogopa. Niliogopa mpaka mkono ukafanya kile mkono wangu hufanya nikiogopa. Nimeshaona mwanamke akiikimbia tepu kabla yako, na nilikosea kila nilichofanya.

Nimeshona kwenye kile kibaraza cha soko la Sotik tangu hujazaliwa, na kuna ukweli mmoja mafundi hatupendi kuusema: watu walianza kuagiza nguo nje kwa makosa yetu wenyewe. Tumewadanganya sana. Mtu analeta kitambaa, unamwambia njoo Ijumaa, na wewe unajua vizuri Ijumaa utakuwa kwenye mazishi. Akija unamwambia stima ilipotea. Kuna bibi harusi wa Sigor nilimkabidhi gauni akiwa tayari amekaa kwenye gari, na pini bado zilikuwa kwenye pindo. Alisema "ndiyo" mbele ya mchungaji huku zinamchoma miguu. Kuna mama alileta kitambaa cha kutosha gauni na koti akaondoka na sketi, na hicho kilichobaki hata mimi siwezi kuapa kilienda wapi. Halafu simu zikaja. Mtu amekaa kwake anakunywa chai, anaona gauni limevaliwa na msichana mwembamba aliyesimama mbele ya ukuta mweupe, anabonyeza, na baada ya wiki kadhaa mzigo uko steji. Akifungua anakuta kitambaa kinang'aa kama karatasi ya peremende na kiuno kimekaa kwapani. Lakini angalau hakuna aliyemwambia njoo Ijumaa.

Mwanzoni tulicheka kibarazani, mimi na Mama Njeri. Watu walikuwa wanatuletea hizo nguo tupunguze, tupanue, tuongeze zipu. Baadaye kicheko kikaisha. Desemba moja nilikaa na mashini mbili na kazi ya mtu mmoja, na nilianza kuwachukia wateja waliopita mbele yangu na ile mifuko ya plastiki ya kijivu. Niliwachukia kwa majina. Nilikuwa nikiwahesabu jinsi mama wa kambo anavyohesabu vipande vya nyama.

Sasa sikiliza kuhusu tepu. Fundi anayepima watu kila siku anajua miili ya mji mzima. Nimejua mimba za Sotik kabla ya wakwe kuzijua. Najua ni bega la nani limeshuka kwa kubeba kikapu cha majani chai, na ni nani amekonda kwa ugonjwa na nani kwa mawazo. Yule mama aliyenifundisha kazi aliniambia kwamba yanayoonekana kwenye kupima yasitoke dukani. Nikayashika maneno yake kuliko nilivyoshika ya mchungaji. Nikaona ndiyo heshima ya kazi, na watu wakanisifu kwa hilo, kwamba Mama Chela hana domo.

Unamkumbuka Mwalimu Beatrice? Alikuwa anakuita "msaidizi wa fundi" na kukupa chaki za rangi kutoka shuleni. Mfupi, mcheshi, akicheka unamsikia kutoka upande ule wa barabara. Wewe ulipokuwa bweni, kidato cha pili, nilikwambia aliugua akafa. Nilikudanganya.

Beatrice alikuwa mteja wangu wa kwanza kabisa pale kibarazani. Alipenda mikono mifupi, na shingo pana, na rangi za kupiga kelele. Kisha mwaka mmoja akaanza kutaka mikono mirefu. "Baridi, fundi," akasema. Sawa, huku kwetu kuna baridi, lakini ilikuwa Januari, jua linachoma majani chai mpaka yanageuka rangi. Nikashona mikono mirefu. Baada ya muda akataka kola ya juu. Nilipozungusha tepu kifuani akavuta pumzi ghafla akafumba macho, nami nikaona alama nyekundu inashuka kutoka chini ya sikio mpaka ndani ya nguo. Alijua nimeona. Tuliangaliana kwenye kile kioo changu kilichopasuka.

Unajua nilifanya nini? Nililegeza tepu. Nikaandika kipimo chake, nikaongeza inchi mbili ubavuni ili nguo isimbane panapouma, na nikamwambia aje Jumanne. Hiyo Jumanne sikumdanganya, nguo ilikuwa tayari. Kola ilikaa vizuri ajabu. Nilijivunia hiyo kola, Chela. Mume wake, mzee wa kanisa mwenye sauti tamu ya kusoma maandiko, alinishika mkono baada ya ibada akasema, "Fundi, unamvalisha mke wangu vizuri sana." Akacheka. Nikamshukuru, nikamwambia kongoi.

Niliendelea hivyo muda mrefu. Kila alipokuja palikuwa pamezidi kitu, nami nilizidisha kitambaa. Mara kidole kimefungwa, nikamwekea mfuko wa kuingiza mkono. Mara goti, nikashusha sketi. Hatukuwahi kusema neno. Yeye alisimama ameinua mikono kama mtu anayepekuliwa, mimi nikamzunguka na tepu, nikiona, nikiandika. Nilijiambia namsaidia. Nilijiambia angetaka kusema angesema.

Halafu akaacha kuja. Miezi ikapita. Siku moja nikamwona anapita upande wa pili na mfuko wa kijivu chini ya kwapa, na juma lililofuata nikamwona na mwingine. Mwalimu Beatrice wangu, anaagiza nguo ng'ambo! Sikufikiria kitu kingine chochote. Kichwa changu kilijaa hiyo dharau tu. Nilisema kwa Mama Njeri, "Ngoja apite hapa." Mama Njeri, ambaye alikuja huku kutoka Nyandarua akiwa na mashini moja na amani nyingi kuliko mimi, akanijibu, "Mama Chela, wachana na yeye. Customer si ng'ombe ufunge na kamba."

Alipita siku ya soko. Na hakuja kwangu. Alienda kwa Mama Njeri, hatua nne kutoka kwenye mashini yangu, akiwa amevaa gauni la kuagiza la rangi ya zambarau, akamwomba amkunjie pindo tu. Pindo halihitaji kupimwa mwili. Leo naona hivyo. Siku hiyo niliona ananitemea mate mbele ya soko zima.

Nikasimama. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. Nilimwita mwalimu wa kuringa, nikamwambia amekula jasho langu miaka yote na sasa ananuka plastiki. Watu wakaanza kusogea. Unajua watu wa soko na ugomvi. Beatrice akasema polepole, "Fundi, wacha tu. Tafadhali." Akageuka aondoke. Hapo ndipo nilimshika mkono wa gauni nikauvuta, nikipiga kelele, "Oneni, hizi mishono ni za gundi!"

Na kweli zilikuwa za gundi. Mkono ulichanika kutoka begani mpaka kwenye kifundo kwa sauti moja, nikabaki nimeushika.

Mkono wake wote ulikuwa nje. Palikuwa na michubuko ya njano na ya buluu, ya zamani na mipya, lakini hiyo sikuitazama sana. Kati ya kiwiko na bega palikuwa na kidonda chenye umbo la pasi. Ncha yake ilielekea juu. Ngozi ilikuwa bado mbichi, imeshikana na uzi wa lile gauni, na nilipovuta nilikuwa nimevuta na ngozi. Damu ikaanza kushuka mpaka kwenye vidole. Mimi, ambaye nimeshika pasi kila siku ya maisha yangu, nilijua kwa kuangalia tu kwamba ilikuwa imewekwa hapo na kushikiliwa.

Beatrice hakulia. Aliniangalia akasema, si kwa sauti kubwa, "Sasa umeona vizuri? Umefurahi?"

Nikaanza kubabaika kwamba sikujua. Akanikatiza. "Ulijua. Ulikuwa unaona kila mara, halafu unaniambia njoo Jumanne. Ile simu naandikia namba zangu, inaniletea nguo. Haijawahi kuniangalia halafu inyamaze."

Chela, hayo maneno nimeyabeba kila siku tangu hapo. Nilifikiri alinikimbia asionekane. Alinikimbia kwa sababu alichoka kuonekana na mtu asiyesema kitu.

Sasa nitakwambia kosa langu kubwa kuliko yote, na ni kosa ambalo ni fundi pekee angelifanya. Nilimketisha kwenye kiti changu, nikamfunga kidonda na kipande cha bitana, nikaingiza uzi wa zambarau kwenye mashini, nikamrudishia ule mkono wa gauni. Nilishona haraka, mshono wa mara mbili, ukawa imara kuliko ulivyotoka kiwandani. Watu wakatawanyika wakaona mambo yametengenezwa. Mama Njeri akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Usimwache aende kwake hivyo. Hii maneno itafika huko mbele yake. Mpeleke hata kwangu alale." Nikamjibu, "Hayo ni mambo ya nyumba ya watu." Beatrice akaondoka amevaa nguo nzima.

Ilifika mbele yake, kama Mama Njeri alivyosema. Mume alikuwa ameshaambiwa kwenye kituo cha maziwa kwamba mke wake amevuliwa nguo sokoni na watu wameona. Alimngoja. Alimpiga kwa ile fimbo ya kuswagia ng'ombe mpaka ikavunjika, kisha akatumia mguu wa kiti. Majirani walisikia, na kila mmoja alifikiri jirani mwingine ameenda. Beatrice alikufa kabla hajafikishwa hospitali.

Mama yake alinijia siku mbili baadaye akaniomba nimshonee nguo ya kuzikwa. Nikamwambia vipimo vyake ninavyo. Akasema, "Hapana, mama. Uje umpime. Amevimba." Nikaenda mochari na tepu yangu. Hapo hakuna aliyerudi nyuma, hakuna aliyefumba macho. Nilimpima taya lililokuwa limehama. Nilipima mkono ambao uliinama mahali ambapo mkono wa mtu hauinami. Niliona yote niliyokuwa nimeyaona vipande vipande kwa miaka, sasa yako mahali pamoja, na mengine mapya juu yake. Familia ikasema, tafadhali fundi, kola iwe juu na mikono iwe mirefu, watu wasione. Nikashona. Mwanangu, hata hiyo nilishona, na watu wakapita mbele ya jeneza wakasema amependeza.

Askari wawili walikuja kuniuliza kama niliwahi kuona alama kwenye mwili wa marehemu. Daftari langu lilikuwa hapo mezani, na lilikuwa na mwili wake wote, kila inchi niliyoongeza na mahali nilipoiongeza. Nikaweka kitambaa juu yake. Nikasema, "Mimi ni fundi tu, sijui mambo ya nyumba za watu." Kesi ikakosa mashahidi, ikafa. Yule mzee bado anasoma maandiko kwa sauti tamu, na ameoa tena. Mke wake mpya hashoni kwangu. Simlaumu.

Mimi ni mwoga, Chelangat. Watu wanaona hasira yangu wanafikiri ni ujasiri. Kurusha mkasi ni rahisi, kuchana nguo ya mtu ni rahisi. Kumwangalia mtu usoni na kumuuliza nani amekufanyia hivi, halafu kukaa hapo mpaka ajibu, hilo lilinishinda miaka yote hiyo. Hata nyumbani kwangu lilinishinda. Marehemu baba yako alinipiga mara mbili. Mara ya pili ulikuwa darasa la tatu, ukaniuliza jicho limefanya nini, nikakwambia nimegonga kabati. Ulinitazama muda mrefu. Nadhani siku hiyo nilikufundisha kitu ambacho sikukusudia kukufundisha.

Kwenye koito yako nilikupima wewe na binamu zako wote kwa zile sare za kijani. Uliinua mikono ukacheka kwa sababu tepu inakutekenya ubavuni, kama zamani. Mwili wako ulikuwa wako. Kisha ukaenda Naivasha wiki tatu kuona nyumba, ukarudi na sweta. Umeosha vyombo na sweta, mikono imelowa mpaka kwenye kiwiko na hukuikunja. Umelala na sweta. Mama Njeri alipokukumbatia ulivuta pumzi ghafla, na hiyo pumzi naijua. Niliyaona yote hayo siku kumi zilizopita. Siku kumi! Nami nikafanya nini? Nikatafuta kitambaa kizuri cha gauni. Nikafikiri labda nikishona kitu kizuri sana, kitasema kwa niaba yangu.

Agiza nguo popote unapotaka, Chela. Agiza China, agiza Uturuki, vaa hiyo ya karatasi ya peremende, sitakununia tena. Simu haina kosa. Haikujui, na haijawahi kudai inakujua. Mimi nakujua mpaka kovu la kitovu, na kama kukujua kwangu hakufungui mdomo, basi nina faida gani kwako kuliko hiyo simu?

Nilikuwa nimeacha kuandika kidogo, sasa nimerudi; utanisamehe mwandiko.

Ile simu yako uliyoacha kwenye chaji imelia tangu nianze ukurasa uliopita. Iliacha, ikalia, ikaacha, ikalia. Mara kumi na moja. Ya kumi na mbili nikaishika, nikiwa nataka tu kumwambia kwamba uko kwa msusi. Sikupata nafasi hata ya kusema hello.

"We mbwa," Kibet alisema. "Hutaki kushika simu yangu? Unataka nikuongezee ile ya juzi? Nilikwambia usisukwe. Ngoja nikufikishe hapa."

Nikasema, "Ni mama yake."

Sauti ikabadilika, ikawa ile anayokuja nayo hapa na mkate na sukari. "Ah, Mama! Chamgei, Mama. Tulikuwa tunafanya tu mchezo na Chela. Anajua."

"Kibet, ile ya juzi ni gani?"

"Mama, hizo ni vitu za sisi vijana, zisikusumbue."

Miaka yote niliyokuwa mwoga ilikuwa imesimama hapo nyuma yangu inanivuta nguo. Nilisikia kabisa mdomo wangu ukijiandaa kusema haya basi, nitamwambia akupigie. Nikasema, "Kesho usije."

"Mama, Chela si mtoto. Koito tulifanya, watu walikula. Huyo ni bibi yangu. Nitakuja tu na hakuna mtu atanizuia."

"Basi utanikuta mlangoni," nikamwambia, nikakata.

Nimempigia Mama Njeri. Sikumwambia mambo ya nyumba za watu safari hii, nilimwambia neno kwa neno alichosema Kibet. Akasema, "Nakuja sasa hivi, na asubuhi wamama wa kibaraza watakuwa hapo. Soko litangoja." Na daftari langu la vipimo nimelitoa, na nimemwandikia mama yake Beatrice kwamba niko tayari kwenda naye kwa askari nikaseme. Najua nimechelewa sana. Nitaenda hivyo hivyo.

Wewe ni mtu mzima. Kesho ukiamua kupanda hiyo pickup, sitakufungia mlango wala kukushika nguo. Nilishaona kinachotokea nikishika nguo ya mtu. Lakini hutapanda ukifikiri hapa hakuna aliyejua. Hutaniambia umegonga kabati, wala mimi sitakupa kitambaa cha kufunikia. Ukitaka kubaki, chumba chako kiko, na maneno ya shangazi zako kuhusu aibu na ng'ombe waliotajwa kwenye koito nitayabeba mimi. Ng'ombe wanarudishwa. Nimeshawaona wakirudishwa, walitembea vizuri tu.

Nilikuwa na mengi zaidi ya kukuandikia. Nilikuwa nimepanga nikuwekee barua hii ndani ya begi, chini ya nguo, uikute Naivasha. Nimekaa hapa saa nzima nikitafuta mahali pazuri pa kuificha. Unaona jinsi nilivyo? Nilikuwa nakwambia yote haya ili nisilazimike kukuuliza ukiwa mbele yangu.

Mbwa amebweka, naona mwavuli wako kwenye kona ya shamba la chai. Unatembea umebana mkono wa kushoto kifuani.

Naiacha kalamu hapa. Nakuja kukukuta kwenye mvua, nikwambie kwa mdomo wangu kwamba najua.

Mama